Upande A mchicha, upande B matembele: wapenzi wa santuri na bustani za nyumbani tukutane hapa

#1 Mwenye Ndoo — 14 Juni, saa 2:40 usiku

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza kwa sababu starehe zangu mbili zimekosa jukwaa. Nikienda kwa watu wa kilimo nakuta habari za ekari, matikiti na faida kwa msimu. Nikienda kwa watu wa muziki naulizwa spika zina wati ngapi. Mimi ekari sina, na spika zangu zina umri wa mtu mwenye wajukuu.

Nilicho nacho ni eneo la nyuma ya nyumba hapa Tabata, hatua kumi na mbili kwa saba, ukuta pande tatu. Humo nimepanga ndoo za rangi za lita 20, viroba sita, matuta mawili ya mchicha na moja la matembele. Barazani pana meza, na juu yake mashine ya santuri niliyoachiwa na marehemu baba pamoja na sahani mia moja na ushei.

Mzee alikuwa mtu wa reli na alikaa Morogoro miaka mingi. Wanaoijua Morogoro ya wakati ule wanajua mji ulikuwa na bendi ya Cuban Marimba upande mmoja na Morogoro Jazz upande mwingine, na mtu hakai katikati. Mzee alikuwa Morogoro Jazz kindakindaki. Hata mpiga gitaa wao Mbaraka Mwinshehe alipotoka 1973 akaanzisha Super Volcano, mzee alimfuata huko huko kwa mfuko wake. Yale maboksi yalipoletwa kwangu nilikuwa nishapata mteja wa kuyauza. Nikasema nijaribu sahani moja kwanza. Ile moja ndiyo iliyoniponza.

Utaratibu wangu ni huu. Saa kumi na moja na nusu jioni nimerudi, navua viatu, naweka LP, ile santuri kubwa. Upande mmoja wa LP ni kama dakika ishirini, na dakika ishirini zinatosha kumwagilia mchicha kwa keni ya lita kumi bila kukimbia na bila kuzubaa. Mashine yangu ni ya zamani, hainyanyui mkono yenyewe. Upande ukiisha sindano inabaki kwenye mfereji wa mwisho inalia chwa... chwa... chwa... Hapo lazima niache keni, ninawe, nipande baraza nikaigeuze. Upande B ni matembele na ndoo. Nao ukiisha, magharibi imeingia, kazi imekwisha. Mama watoto siku hizi haniulizi umebakiza nini, ananiuliza uko upande wa ngapi.

Mtihani uko kwenye zile ndogo za 45, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Waliozaliwa na simu hawajui: wimbo wa dansi enzi hizo mara nyingi ulikuwa mrefu kuliko upande wa sahani, basi wakawa wanaukata sehemu mbili. Upande wa kwanza unapewa kisa, mke kakimbia, barua haijajibiwa. Upande wa pili ndiyo chemko, magitaa yanaitana na kuitikiana. Sasa wewe una tope hadi viwikoni, zimepita dakika nne tu, kisa kimeisha na chemko liko upande wa pili. Ukigeuza na mikono ile umeiua sahani. Usipogeuza umejiua mwenyewe. Nimeamua 45 ni za kuchambulia mboga: nakaa kwenye kigoda, ungo mapajani, kitambaa kikavu begani kama muuza kahawa.

Makosa nimefanya. Mwezi wa tatu mtu kapiga hodi, nikaweka LP juu ya kiti cha plastiki, juani, nikaenda kufungua. Mazungumzo ya getini ya Mswahili mnayajua. Niliporudi sahani imejikunja kama chapati ya jana. Ukiipiga leo sindano inapanda na kushuka kama ngalawa iko Chumbe.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, je, niko peke yangu? Pili, kuna kitu kwenye maboksi ya mzee kinanitatiza: santuri zake zinaishia 1976. Baada ya hapo ni kanda tupu, C60 nyingi (zile za saa moja), alizorekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania. Mtu aliyekuwa ananunua sahani kila mshahara, kwa nini aache ghafla?

#2 Jirani wa Bomba

Naweka kambi hapa. Mkuu, hiyo sahani iliyojikunja geuza kuwa sahani ya kuwekea miche.

#3 Kijana wa Kwa Aziz Ali

Mzee wangu, shikamoo. Hivi kwa nini usichukue simu, ukaunganisha spika kwa blututhi, ukamwagilia hadi asubuhi bila kunawa mikono? Nyimbo zote hizo ziko mtandaoni. Naona kama unajitesa kwa makusudi.

#4 Mwenye Ndoo

Marahaba kijana wangu. Nimeshafanya hivyo. Simu iliingia ndani ya keni, hiyo ni moja.

La pili ni zito zaidi. Simu haina upande B. Orodha ya nyimbo haiishi, na kitu kisichoisha hakikuambii inuka. Nilikuwa namwagilia tuta moja hadi linageuka jaruba la mpunga, huku ndoo za mwisho hazijaona tone. Halafu katikati ya gitaa mtu anapiga kuuliza kama nitachangia harusi. Sahani haipokei simu.

#5 Gunia Tatu (Umoja, Nairobi)

Hamjambo ndugu zetu. Hauko peke yako, boss. Mimi naishi kwa fleti, sina hata hatua saba. Nina magunia matatu kwa roshoni: sukuma wiki zimechomoza pande zote, managu juu, terere kwa lile la tatu. Na nina santuri karibu mia mbili, nyingi nimeokota Kenyatta Market, pale kuna vibanda bado wanauza. Unaingia kutafuta moja unatoka na saba, na nauli ya matatu imeisha.

Kuhusu mzee wako kuacha 1976, nadhani jibu liko huku kwetu. Nyinyi mlikuwa mnarekodi Dar, lakini kiwanda cha kufyatua santuri hamkuwa nacho. Kanda inakuja Nairobi, sahani inafyatuliwa hapa, kisha inarudi kuuzwa kwenu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Miaka sita! Sahani ya Morogoro ingepita wapi? Angalia lebo zake uone zimeandikwa wapi.

Na hata wanamuziki ni hivyo hivyo. Waliotuchezesha sisi Nairobi wakati huo, kina Simba Wanyika, walikuwa wana wa Tanga.

#6 Mwenye Ndoo

Nimekwenda kuangalia sasa hivi na tochi. Nairobi, Nairobi, Nairobi. Miaka yote hii nilidhani mzee aliishiwa hela baada ya mimi kuzaliwa. Nilizaliwa 1977, wakuu. Nimebeba hilo deni bure.

Na sasa naelewa kwa nini sina sahani hata moja ya Mlimani Park, yaani Sikinde. Bendi imeanza 1978, mpaka umefungwa, basi Sikinde yote ya mzee iko kwenye C60, na kila wimbo unaanzia kwenye ubeti wa kwanza nusu, kwa sababu alikuwa anasubiri mtangazaji amalize kuongea ndipo abonyeze, na kila mara anachelewa.

#7 Fundi Redio

Somo zuri hilo la mpaka. Nyongeza: bendi zilikuwa zinarekodi RTD (Radio Tanzania), mikanda mikubwa ile ya kuzungusha inabaki kwenye maktaba ya redio. Ndiyo maana nyumba nyingi za watu wa dansi utakuta kanda kuliko sahani. Kanda C60 ni nusu saa kila upande, Mwenye Ndoo, kwa hiyo ukipanua bustani hamia kwenye kanda.

Ila kabla hujaicheza: izungushe kwanza kwa kalamu ya biki hadi mwisho na kurudi, kwa mkono, polepole. Kanda iliyolala miaka thelathini inagandana. Ukiitia tu redioni, redio inaitafuna. Safisha pia hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti.

#8 Bint Kikuba (Unguja)

Assalaam alaykum. Na mie nimo, nimefurahi kuona si peke yangu mwenye wazimu huu.

Mie bustani yangu si ya kula, ni ya kunukia. Nina misumini minne, mrehani, na mlangilangi mmoja ambao mume wangu anataka ukatwe kwa sababu umefika kwenye waya. Asumini huchumwa jioni ingali tumba, ikichelewa inafunguka mtini na harufu inaliwa na upepo. Basi saa hiyo ya kuchuma ndiyo saa yangu ya taarab. Nikimaliza upande, sinia limejaa. Nakaa nafunga vikuba nikisikiliza wa pili.

Nina sahani za bibi, zile nzito za 78, nyeusi tititi. Sie Unguja sahani zilitangulia kuja kwa bahari, si kutoka Nairobi. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alikwenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928, na sahani zikaja kwa meli. Bibi alikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo, ilikufa zamani. Sasa natumia mashine ya kaka yangu yenye kasi tatu.

Nimefurahi Fundi kutaja spiriti maana sahani zangu zina ukungu, hewa yetu hii unyevu hauishi, na mie hapo mitungi ya maua imejaa barazani. Nimenunua chupa leo leo, nimeanza na moja.

#9 Fundi Redio

DADA SIMAMA. WEKA CHUPA CHINI.

Spiriti nilisema ni ya hedi ya redio! Sahani ya 78 haijatengenezwa kwa plastiki kama LP. Ni utomvu wa wadudu wa India, shelaki ile ile ya kung'arishia fanicha, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Mafundi seremala ndivyo wanavyoiandaa. Ukipaka unafuta muziki.

#10 Bint Kikuba

Nimechelewa. Kitambaa kimetoka cheusi, nikasema alhamdulillahi uchafu unatoka. Kumbe ni Bibi Siti anatoka.

#11 Jirani wa Bomba

Inna lillahi.

#12 Fundi Redio

Pole sana dada. Iache ikauke yenyewe kivulini, usiiguse uso wake hata kwa kidole. Inawezekana umeumiza pembeni tu.

Zilizobaki: maji safi ya uvuguvugu kidogo, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuata mzunguko wa mifereji, usikate njia. Lebo ya katikati isilowe. Suuza, kausha mara moja, isimame wima, isilazwe. Na hakikisha mashine ina sindano ya 78. Mfereji wake ni mpana, sindano ya LP ni nyembamba, inaburuzika chini kabisa ambako kuna vumbi la miaka, unasikia kelele tupu unadhani sahani imekufa.

Kwa faida ya wakulima humu: huyo mdudu wa shelaki ukoo wake ni mmoja na wale weupe kama pamba wanaofyonza mihogo yenu.

#13 Mwana wa Mwanza

Nina swali ambalo linaweza kuwa la kijinga. Nimesikia mimea ikipigiwa muziki inakua haraka. Mwenye Ndoo, wewe una mashine na una mimea. Mchicha wako ukoje?

#14 Mwenye Ndoo

Mchicha wangu naung'oa siku ya ishirini na tano, kama wa jirani ambaye anasikiliza mpira tu. Lakini sitaki kusema uongo, kuna ndoo ya nyanya iko jirani na spika, ile imebeba kuliko zote. Nimeiona msimu uliopita pia.

#15 Bwanashamba Mstaafu

Nimeona ndugu zangu mnaelekea pabaya, nikaona niingie.

Mmea hauna sikio, ila mtikisiko unaupata. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walipima mtikisiko wa jani wakati kiwavi anapolitafuna, wakaurekodi. Kisha wakaupigisha kwenye majani ya kimmea kidogo cha ukoo wa kabichi, bila kiwavi yeyote. Baadaye walipoleta viwavi wa kweli, mimea iliyosikilizishwa ilitoa zaidi ile kemikali kali ya haradali ambayo viwavi hawaipendi. Mtikisiko wa upepo, na wa mdudu mwingine anayeimba tu, haukuleta hivyo. Kwa maana hiyo rekodi ambayo jani lilionyesha kuijali ilikuwa ya mlaji wake. Magitaa ni yetu sisi.

Nyanya nayo ina habari yake. Ua lake lina dume na jike humo humo, lakini chavua imefungiwa ndani ya kijibomba chenye tundu nchani, haitoki mpaka itikiswe. Upepo unatikisa. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa wanatikisa vizuri zaidi: wanalikumbatia ua na kuvuma. Nyuki wa asali hawana ufundi huo. Kwenye uzio wa kuta tatu upepo ni haba, kwa hiyo asubuhi piga piga vijiti vya nyanya kwa kidole. Hiyo ni kazi yenye faida kuliko spika.

Ila kama unataka kujua kwa hakika, acha kukisia, jaribu. Na si ndoo moja kwa moja. Mche mmoja ni bahati nasibu. Weka mitatu na mitatu.

#16 Mwenye Ndoo — 21 Juni

Nimekubali, shikamoo mzee. Masika imeisha, ni wakati wa nyanya. Miche sita ya aina ya Tanya kutoka kitalu kimoja, urefu sawa. Ndoo sita, matundu matano chini kila moja, udongo mmoja: ndoo mbili za udongo, moja ya samadi ya kuku iliyolala miezi mitatu, nusu ya mchanga. Tatu zinakaa chini ya baraza mbele ya spika, tatu zinakwenda mwisho kabisa karibu na karo. Jua nimelipima kwa saa, pote linapiga toka saa tatu hadi saa tisa. Kutoka karo hadi kwenye santuri ni hatua kumi na moja. Zote nazipiga kidole asubuhi kama ulivyosema.

Swali: niwapigie nini?

#17 Gunia Tatu

Rumba. Nyanya ni mtu wa polepole.

#18 Kijana wa Kwa Aziz Ali

Singeli. Zitaiva kwa wiki mbili, na zitatoka ndooni zenyewe kwenda sokoni.

#19 Bint Kikuba

Taarab, zijifunze kuringa. Na kaka Mwenye Ndoo, ukiwa na mbegu za Tanya zilizobaki nifungie. Mie nimechoka kununua nyanya zilizopanda boti.

#20 Mtoto wa Ng'ambo (Maskati)

Nawasoma nikiwa kwenye joto la nyuzi 44. Sisi huku miezi hii bustani ni kujiua, kila kitu ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Marehemu mama alikuwa na mchicha wa mbegu ya Unguja kwenye kona ya uwani, na kanda za taarab zimejaa droo ya mkate. Sasa hivi nina droo tu. Endeleeni, mnanisogezea msimu.

#21 Mwenye Ndoo — 27 Julai

Mrejesho. Maua yametoka pande zote mbili, viwavi nimeua wanne upande wa baraza na sijui wangapi upande wa karo, maana kule nilikuta jani limeshaliwa lote. Inzi weupe nimewapulizia mwarobaini niliotwanga na kipande cha sabuni, na kabla ya kupuliza nilifunika mashine kwa shuka. Nimeanza kupata akili.

Sisimizi wameingia kwenye spika ya kushoto. Nikiongeza sauti wanatoka kwa mstari, wimbo ukiisha wanarudi. Hilo nalo watafiti waliangalie.

#22 Jirani wa Bomba

Hao ndio wasikilizaji pekee ulionao, usiwafukuze.

#23 Mwenye Ndoo — 9 Agosti

Taabu. Mkanda wa mashine umeyeyuka, umekuwa kama lami, sahani haizunguki. Nimeipeleka kwa fundi wa mtaani, kasema wiki moja. Nyumba imekuwa kimya hadi mama watoto kauliza kama naumwa.

#24 Fundi Redio

Wiki moja ya fundi ni mbili. Nasema kama fundi.

#25 Mwenye Ndoo — 7 Septemba

Matokeo. Nimehesabu kila tunda.

Baraza, miche mitatu: matunda 61, mabovu 6.
Karo, miche mitatu: matunda 38, mabovu 14.

Mabovu yote ni ugonjwa mmoja, chini ya tunda panaweka doa la maji, kisha linageuka jeusi na kudidimia kama kitako cha sufuria. Mwana wa Mwanza, naona umeshinda. Muziki unafanya kazi!

#26 Mwana wa Mwanza

NILISEMA.

#27 Bwanashamba Mstaafu

Hongera kwa kuhesabu, wengi hukisia. Sasa nijibu. Huko ni kuoza kitako. Si mdudu wala kuvu. Tunda linakosa kalisi (kalsiamu) linapokua, na mara nyingi udongoni kalisi ipo, ila maji yanayoibeba yanakuja kwa vipindi: leo mafuriko, kesho ukame. Ndoo ndiyo mbaya zaidi, inakauka haraka. Kwa hiyo:

Ndoo za karo ulikuwa unazimwagilia mara ngapi kwa siku? Na zile sita mbovu za baraza, zilioza lini?

#28 Jirani wa Bomba

Aweke maganda ya mayai, yana kalisi.

#29 Bwanashamba Mstaafu

Maganda ya mayai yanachukua miezi kuoza, msimu utakuwa umekwisha. Yaweke kwenye mboji. Ngojeni mwenye uzi ajibu.

#30 Mwenye Ndoo

Nimekaa na hili swali tangu jana, nimerudi kwenye daftari.

Za karo nilimwagilia jioni mara moja, nikikumbuka. Siku LP ikiwa fupi zilikuwa zinabaki, nakwenda kesho yake nazimiminia za siku mbili.

Za baraza kwa kweli sikuwahi kupanga kuzimwagilia. Lakini kila upande ukiisha napita hapo kunawa, yale maji ya kunawa yanaingia kwenye ndoo ya kwanza, na nikishika kopo namalizia na mbili zilizobaki. Jioni ya kawaida, ukijumlisha na zile 45, nageuza mara tatu au nne. Na nikipita naona jani lenye tundu, nageuza, nakuta kiwavi.

Zile sita mbovu za baraza nilizitoa mwishoni mwa Agosti. Zilioza baada ya zile siku kumi na sita mashine ilipokuwa kwa fundi. Sikuwa na cha kwenda kugeuza. Mzee, sikupita pale.

#31 Fundi Redio

Kumbe zilikuwa zinasikiliza miguu.

#32 Mwana wa Mwanza

Mimi nashikilia rumba ilichangia.

#33 Bwanashamba Mstaafu

Weka matandazo kwenye ndoo za karo, majani makavu au pumba, unene wa vidole vitatu, na uzimwagilie asubuhi na jioni. Halafu msimu ujao fanya tena, badilisha kwa zamu: kwanza spika karo, kisha zamu nyingine maji mengi karo.

#34 Mwenye Ndoo

Nimefanya rahisi zaidi, nimehamishia zote sita barazani. Mama watoto anauliza wageni watakaa wapi. Nimemwambia wageni wenyewe hawaji, wakija watachambua mboga.

Bint Kikuba, mbegu nimezikausha na kuzifunga kwenye karatasi. Ile sahani ya bibi ilikuwaje?

#35 Bint Kikuba

Nimeipiga jana baada ya kuogopa miezi mitatu. Mwanzo wote umekwenda, unasikia mvua tu, kama dakika moja hivi. Kisha mvua inakatika na sauti inaingia katikati ya ubeti. Upande wa pili ni mzima, sikuufikia na ile chupa. Nikuwekee tawi la asumini? Linashika kwa kuchomeka tu, ila likae kivulini wiki tatu.

#36 Mwenye Ndoo

Niwekee mawili. Moja linakwenda karo.

#37 Mgeni Jukwaani

Wakuu nimesoma uzi wote toka mwanzo. Bamia inataka ndoo ya lita ngapi? Na mashine ya santuri ya kuanzia inapatikana wapi hapa Dar?

#38 Mwenye Ndoo

Ishirini, mche mmoja kila ndoo, mbegu iloweke usiku kucha kwanza. Mashine muulize Fundi. Ukipata, usinunue inayonyanyua mkono yenyewe.